Ya Kwanza au ya Pili

Wifi, nilivuka Kasumulu saa moja asubuhi
na sindano moja nimeichomeka kwenye kola,
ile ile niliyoshindwa kuitunga uzi tangu Pasaka.
Nilitaka daktari amwone mgomvi wangu.

Karonga walinipanga foleni ya mwezi wa tisa.
Lilongwe walinitajia bei, nikauliza
ni ya macho mawili au ya ukoo mzima?
Gwalugano muuza mchele ndiye aliyeniambia:
panda Mbeya, Mwanjelwa, nyuma ya maduka ya mitumba,
pale hawaulizi umetoka wapi,
wanauliza huoni nini.

Nikauza kwacha mpakani kwa bei ya kulia.
Nikapita Tukuyu, mvua imelala juu ya chai,
nikafika na sweta la kuazima, meno yanagongana.

Msichana wa mlangoni akaliandika jina langu,
akasimamisha kalamu: "Mwakasungula? Mbona wa kwetu?"
Nikamwambia, mto ulitugawa, sisi hatukugawana.
Akanisalimu kwa lugha ya mama yangu,
na ada ya kupima ikashuka elfu mbili papo hapo.

Chumba cha giza. Kiti kama cha kinyozi.
Kijana Anyosisye, vidole vinanukia sabuni,
akanivisha chuma kizito puani,
akaanza kubadilisha vioo.
"Ya kwanza, au ya pili?"
Ya pili.
"Hii, au hii?"
Hiyo ya mwanzo.
"Na sasa?"

Wifi, nina miaka hamsini na mbili.
Niliolewa bila swali hilo (usimwambie kaka yako).
Majina ya wanangu yalikuja yamekwisha kuchaguliwa,
hata cherehani ilikuja na rangi waliyoitaka wao.
Siku ile niliulizwa mara kumi na saba napenda ipi,
na kila nilipojibu
herufi zilisogea hatua moja kunisikiliza.

Kwenye benchi palikuwa na bwana harusi mtarajiwa,
anataka lenzi za kubandika ndani ya jicho,
rangi ya majivu, za Jumamosi tu.
Nikacheka mpaka nikakohoa.
Mimi nimevuka nchi nipate kuona,
mwenzangu analipa apate kuonwa.

Fremu ya elfu themanini niliijaribu,
nikawa mke wa mbunge kwa dakika moja, nikairudisha.
Chini ya meza palikuwa na boksi:
fremu za waliolipa nusu wasirudi.
Nikachukua ya kahawia, mguu mmoja umelegea,
elfu kumi na nane, na vioo ishirini.
Sikuuliza mwenyewe yuko wapi.

Saa tatu nzima mashine inasaga.
Nikala viazi na parachichi, nikiutazama
mlima ambao kila mtu alisema upo pale.
Wakaniita. Wakanivisha.
Nikatoka mbio kuutazama: haupo.
"Huo ni ukungu, mama," Anyosisye akasema,
"kioo chake hatuna."

Ndipo nikageukia kioo cha dukani.
Mikunjo ilikuwepo, tukasalimiana, tukaachana.
Nilichokiona ni shingo ya gauni, kazi ya mkono wangu:
mshono umepinda kama Songwe baada ya masika,
ule mto unaohama usiku
asubuhi shamba la mtu liko nchi nyingine.

Nikakumbuka sare za shule, mia mbili na zaidi,
pindo zote, kola zote, miaka miwili,
na hakuna mtoto, hakuna mwalimu,
wala wewe, wifi,
aliyeniambia.

Nikachomoa sindano kolani.
Uzi ukapita mara ya kwanza.
Basi la kurudi lilipiga honi, nililisikia vizuri.
Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za duka, Mwanjelwa,
khanga mabegani,
gauni mapajani hadi kiunoni nimelishusha,
nafumua.