Ukucha wa Candiru

Kranki ya mashine ya kusaga ya Ondoma
imelala juu ya magunia, nyuma ya soko la Arua,
nyeusi kama sufuria ya msibani.

Candiru anaiogesha kwa dizeli.
Mswaki wa meno kwanza, kisha spoki ya baiskeli
kuchokoa kila tundu la oili,
mpaka aone jicho langu upande wa pili.

"Oili nilibadilisha," asema Ondoma. "Krismasi."
Hasemi Krismasi ipi.

Candiru hamjibu. Anapanga beringi kwenye gazeti,
nusu duara nane, kila moja na ushahidi wake:
hii imemeza mchanga wa barabara ya Koboko,
hii imechubuka hadi shaba,
hii ilikaa kavu siku nyingi, ikivumilia.

Kucha zote hukata, ila wa gumba la kulia.
Anaufuta, anaupitisha juu ya shingo ya kwanza
polepole, kama atafutaye mwiba unyayoni mwa mtoto.
Unateleza.
Ya pili, unateleza.
Ya tatu unakwama.
Anarudia. Unakwama palepale.

Tunaining'iniza kwa kamba. Anaigonga kwa nyundo ndogo.
Hata muuza mihogo ananyamaza.

Ngeeee,
sauti ndefu, inayokataa kuisha.

"Haina ufa. Ina mikwaruzo tu.
Imesaga ya watu miaka kumi, sasa nayo ikasagwe,
ivae beringi nene."

Ondoma anahesabu noti,
anafika katikati,
anaanza upya.