Mwandiko wa Ožbolt

Karani wa Vienna alimwandika Bartholomäus.
Waitalia walipolitwaa bonde akawa Bartolomeo.
Kwao, juu ya Tolmin, alikuwa Jernej tu,
na ng'ombe waliitika kwa sauti iliyozoea jina hilo.

Nimemtafuta kwa majina yote matatu,
miezi saba, kila Jumanne nikitoka zamu ya usiku,
macho mekundu, viatu vyangu bado vikinuka dawa ya wodini.
Bi Zdenka wa nyaraka huniletea maboksi
kama abebaye mayai, na hasahau kunionya:
penseli tu. Kalamu ibaki mfukoni.

Leo jalada limepatikana.
Urefu: sentimita mia moja sitini na nne.
Macho: kijivu. Meno: mawili hayapo.
Kazi: kuongoza nyumbu.
Amepokea nyumbu wawili, amerudisha mmoja.
Kusoma na kuandika: hajui.

Nikarudia mstari. Hajui.
Na penye sahihi, misalaba mitatu
imeinama kama uzio uliolemewa na theluji.

Lakini sisi tuna barua zake!
Kumi na tisa, ndani ya kopo la biskuti,
bibi Marjeta alizisoma hadi mikunjo ikakatika:
"Marjeta wangu, mvua ya huku haipigi hodi.
Jana nimekuota ukimenya tufaha,
ganda moja refu, halikatiki, linafika hadi huku."
Kwa ganda hilo alingoja miaka minne
na kuwarudisha wachumba wawili mlangoni.

Usiku nikazitandaza mezani, sikuwasha hata jiko.
Kumi na nne ni za mkono mmoja, umelalia kulia,
kila z ina mkia wa paka.
Kisha, Oktoba ya mwaka wa kumi na sita,
mkono mwingine, mkavu, wino umevuja:
"Mimi mzima. Nyumbu mmoja amekufa. Tuma soksi."

Jumanne iliyofuata nikaomba orodha ya kombania nzima.
Ukurasa wa arobaini na moja,
Ožbolt Leban, mwalimu wa shule,
amejaza fomu kwa mkono wake mwenyewe,
na paka yule yule anatembeza mkia jinani mwake.
Ameuawa tarehe tatu Oktoba. Hana mke.
Vilivyopatikana: miwani, kijiko, karatasi tupu sita.

Nikampigia mama simu nikiwa ngazini.
Babu yako alikuwa na ndoto za namna hiyo?
Akacheka. "Babu? Alilala kama gogo.
Ukimuuliza habari za vita, anakuuliza habari za majani ya ng'ombe."
Halafu akanyamaza muda mrefu,
nikasikia upande wa pili maji yakichemka, hayaepuliwi.

Nimechora ukoo wetu kwenye karatasi kubwa.
Kando ya Jernej na Marjeta pana jina la tatu,
halina mstari wa damu, halina wa ndoa,
nukta tu, za penseli.
Mama alipokuja Jumapili aliweka kidole pale.
"Na huyu, tumwite nani?"
Nilikuwa na kisu mkononi, na tufaha.
Sikuwa na neno.