Bado Siku Saba

Mzee Kirenga hakifungui kifurushi.
Anakinusa kwanza, upande wa fundo,
kama anusaye shingo ya mtoto
ajue alikuwa wapi.
Kisha ananirudishia.
"Si ile. Ya mama yako ilikuwa moja,
mwaka nenda mwaka rudi, moja."

Moja!
Mimi ndiye niliyeshika kibatari.
Jani lilikauka juu ya meko, likatwangwa,
likanyunyiziwa maji ya ndizi mbivu,
likaviringwa kwa majani makavu ya mgomba,
likavundikwa ubavuni mwa zizi la mbuzi
ambako joto halilali.
Siku ya tisa tukifungua: mkojo wa paka.
Siku ya ishirini: ndizi iliyosahauliwa kapuni.
Mama alikuwa anafunga tena. "Bado."

Lakini mwaka ule masika yalipogoma,
jani letu likatoka jembamba
kama karatasi ya kitabu cha nyimbo,
mama aliteremka Moshi mjini na kikapu kitupu
akapanda na tumbaku ya Songea,
nyekundu kama viatu vya mkaguzi.
Akaichanganya usiku. Akatia molasi,
akaonja, akatema, akatia tena.
Mimi akanipa kipande cha sukari guru
na sikuuliza cha nini.

Jumamosi yake, hapa hapa Kiboriloni,
Mzee Kirenga alijaza kiko, akavuta,
akafumba macho hadi moshi ukamwisha puani.
"Hii," akasema, "hii ndiyo Mbokomu yenyewe."
Mama akahesabu chenji.

Miaka kumi na tisa nimeyatunza maneno hayo.
Leo yamefika kwenye ncha ya ulimi,
hasa nikitazama kule kwenye mitumba:
kijana anauza pakiti za nailoni,
HALISI TANGU ENZI, na picha ya bibi
ambaye hakuwahi kuwa bibi wa mtu ninayemjua.
Anauza, tena sana.

Nakata fundo mwenyewe. Nanusa.
Juu kuna ndizi, ndiyo. Chini yake,
mbali, kama mlango wa choo uliorudishiwa tu,
paka.
Ada ya shule ilinifungulisha mapema.

"Bado siku saba," namwambia.
Hashangai. Anaacha hela mezani, hahesabu,
anaondoka na kiko kitupu mdomoni
akivuta hewa,
na mimi nafunga tena, fundo la mama,
lile linaloumiza kidole gumba.