Ndoo ya Tatu

Ndoo ya kwanza ilioza.
Niseme kweli: ilinuka hata Baba Hilali
akahamia chumba cha wageni,
na Ghaniya wa ukuta wa pili akamtuma mtoto kuuliza
kama tumefiwa na mbuzi.

Ya pili niliitia haraka yangu.
Chokaa vikombe viwili, subira kijiko kimoja.
Kitambaa kikatoka rangi ya maji ya vyombo.
Nikakianika hivyo hivyo darini,
jua la Bahla likakicheka mchana kutwa.

Ya tatu nimeilisha tende,
fardhi kavu za msimu uliopita,
nimeifunika blanketi, nimeiamkia usiku
kama kuna mzazi ndani.
Siku ya tisa ikatoa povu la shaba.

Nikatumbukiza kanzu kuukuu ya mume wangu,
ile iliyokwisha shingoni.
Huzama nyeupe, huibuka kijani, kijani cha kasuku,
unadhani umekosea tena.
Kisha hewa inaipitia,
na mbele ya macho yako, bila mkono wa mtu,
inageuka: mikunjo kwanza, halafu pindo, halafu kwapa,
mpaka buluu ile ya watiaji rangi wa zamani,
ambao nguo ziliwaisha, mikono ikabaki na nili.

Mikono yangu pia.
Nilipotoa riali dukani
kijana wa Kerala aliziangalia kucha zangu,
akaniuliza polepole kama nyumbani ni salama.

Ganda la komamanga hutoa njano ya homa.
Ndimu kavu na misumari yenye kutu, weusi.
Na bamia, ukiikata kati, ni muhuri:
nyota ya pembe tano, na katikati mbegu zake.
Nimepiga nyota mia na kumi kwenye shuka moja.
Hakuna mbili zilizolingana.
Bamia huchoka, hulainika,
mwisho hutema doa tu.
Madoa nimeyaacha.

Sasa viraka vimeenea sakafuni
na mimi natambaa katikati yake na pini mdomoni.
Mfarishi, nasema, wa watu wawili.
Baba Hilali anasema wa ngamia.

Mama alituachia doti moja, na tu wawili.
Thuwaiba akaenda na kipande chake Sur,
mimi nikabaki na changu,
na maneno tuliyoambiana siku ya kugawana
hakuna kanga ingekubali kuyabeba.
Miaka sita.

Jana nimetia mkasi.
Ya mama ilisema: *Nilikupa moyo, ukaufanya jamvi.*
Mkasi ukapita baada ya moyo.
Nikakata na nyingine, nyekundu, niliyopewa harusini
na mtu nisiyemkumbuka:
*Mlango haukufungwa, rudi utakapo.*
Sikupanga. Nilikuwa natafuta rangi, si maneno.
Nyekundu ilitaka kukaa karibu na buluu,
nikaikalisha. Nikashona, nikapiga pasi, nikageuza.

*Nilikupa moyo, rudi utakapo.*

Chai ikapoa.
Jamvi liko kwenye kapu la mabaki,
mlango nao.

Bado pamba ya ndani. Bado bitana.
Bado mshono wa mkono, ambao kwangu
huanza kibla ukaishia jikoni.
Na pembe ya kushoto ni tupu: nimeipima kwa shubiri,
inataka nusu ya kanga ambayo sina.

Nimempelekea Thuwaiba picha, bila salamu,
nikaificha simu chini ya mto wa sindano.
Imelia baada ya isha.
Hakuuliza habari za mama wala za pembe.
Ameandika: *Buluu hiyo umeipataje?*

Nimenawa mikono, haikutakata.
Nimeanza kumjibu:
ndoo ya kwanza ilioza.