Boti kwa Urpo, Injini kwa Eino

Babu alipokufa aligawa hivi:
boti kwa Urpo, injini kwa Eino.
Labda alitaka kuwapatanisha.
Labda alikuwa amechoka tu, anaandika kwa penseli.
Miaka kumi na moja baba na baba mdogo
wamesemeshana kupitia mdomo wangu:
Vieno, mwambie. Vieno, muulize.

Novemba, ziwa la Puruvesi limeanza kushika ukoko
kando ya matete, mwembamba kama utando wa maziwa.
Nyavu ziko ng'ambo, nyuma ya kisiwa,
na injini, nguvu ya farasi tisa, silinda mbili,
buluu yake imebabuka kama pua iliyoungua jua,
inawaka, inakohoa mara tatu, inazima.

"Mafuta," anasema Urpo, akilitazama ziwa.
"Umeme," anasema baba, akilitazama banda.
Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime;
mimi nikashika bisibisi.

Nilianza na tangi. Petroli ya mwaka juzi
inanuka vanishi. Nikaimimina kwenye chupa ya jamu,
nikaiacha itulie: chini kabisa, tone la maji
limekaa peke yake, jicho la samaki.
Chujio likatoa tope la kahawia.
Kabureta niliifungua juu ya gazeti;
tundu la jeti lilikuwa limeziba hata
uzi mmoja wa shaba ulipita kwa kubembelezwa.
Pampu ya mkono nikaikamua, ikawa ngumu. Ishara njema.
Lakini ishara njema nayo ina uongo wake:
nilipoupasua mpira wa mafuta kwa kisu
ngozi yake ya ndani ilikuwa imebanduka,
inajikunja kila injini inaponyonya,
koo linalokubali kusukumiwa, likakataa kuvutwa.
"Nilisema," akasema Urpo, akiliambia ziwa.

Mpira mpya. Kamba. Ikawaka!
Moshi ukalala juu ya maji,
Urpo akanyanyua kidevu,
nikarudisha kifuniko, nikabana komeo,
kimya.
"Nilisema," akasema baba, akiliambia banda.

Haya, plagi. Nikazitoa zote mbili, nyeusi, zimelowa,
nikaegemeza moja kwenye chuma, nikavuta:
cheche. Nene, ya buluu, inalia ta, ta.
Platini nikazipangusa kwa kipande cha bahasha,
koili nikaipima, mita ikasema haina neno.
Baba akavuta kofia hadi kwenye nyusi.
Umeme upo. Mafuta yapo. Injini maiti.

Nikakaa juu ya ndoo, kahawa imepoa.
Nikahesabu upya. Ikiwa wazi, inawaka.
Ikiwa wazi, inawaka.
Ikifunikwa, inakufa.

Nikapitisha kidole chini ya komeo
taratibu, kama atafutaye mwiba kwenye unyayo,
na huo hapo: waya wa swichi ya kuzimia,
umechunika urefu wa punje ya mchele.
Kifuniko kikibanwa, shaba inagusa chuma,
na injini inatii amri
ambayo hakuna aliyeitoa.

Utepe haukukubali vidole vyangu vilivyokufa ganzi.
"Shika hapa," akasema Urpo.
"Wapi?" akasema baba.
"Hapo. Chini ya kidole changu."
Mimi sikutajwa. Nikajifanya natafuta spana
ambayo nilikuwa nimeishika.

Walikwenda wote wawili, wamepeana mgongo,
wakarudi na ndoo mbili za dagaa wa ziwani
wakawagawa sawa, mkia kwa mkia,
na hawakusemeshana tena
mpaka theluji ikaja, mpaka ikaondoka.

Juni utepe ulibanduka.
Simu yangu ikalia mara mbili ndani ya dakika moja.
"Vieno," akasema baba, "mwambie safari hii ni mafuta."
"Vieno," akasema Urpo, "mwambie ni umeme."