Mstari wa Mia Nne na Kumi na Mbili

Ghala la dawa, Panevėžys, Januari.
Dirisha limeota barafu kwa ndani,
nami nalifundisha jedwali kuona haya:
dawa ikivuka siku yake, mstari mzima uwe mwekundu;
iliyoingia wiki hii, kijani;
nyingine zote nyeupe, zisiseme kitu.

Sharti ni jepesi ukilitamka.
Tazama seli ya tano, soma tarehe,
linganisha na leo, kisha paka.
Mistari sita ya msimbo.
Nilidhani nitamaliza kabla chai haijapoa.

Ilipoa.

Nilipolisogeza jedwali kwenda chini
wekundu ukashuka nalo, ukaruka,
ukaiangukia insulini isiyo na hatia,
ukaidandia pamba, ukaidandia sharubati ya kikohozi,
kama uvumi unavyopanda ngazi za jengo letu
ghorofa kwa ghorofa, bila kubisha hodi.
Kumbe jedwali halina mistari elfu tatu.
Lina ishirini na minane tu, ile inayoenea kwenye kioo,
nayo huvaliwa na kuvuliwa,
dawa hii ikitoka, ile ikiingia,
na anayetoka huacha shati lake msumarini.
Nilikuwa nimesema lini pawe pekundu.
Sikusema lini pasiwe.

Nikaongeza neno moja: vinginevyo.
Vinginevyo, nyeupe.
Neno dogo, na dada yangu Jūratė
nimemnyima miaka saba sasa,
tangu siku ya kugawana vyombo vya mama;
kila akiingia mlangoni, hata na keki mkononi,
namwona na rangi ya siku ile.

Lakini nilikuwa nasema habari za ghala.

Ijumaa akaja Rimgaudas, mtunza stoo,
koti linanuka maboksi na theluji.
Akavuta kiti, akakitazama kiwambo
kwa adabu ya mtu anayeonyeshwa picha za mtoto wa jirani.
"Imependeza," akasema. "Sasa, za kutupa ni zipi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Jeshini daktari alinifungulia kitabu cha madoa,
akaniuliza naona namba gani.
Niliona madoa."
Nyekundu yangu na kijani yangu, machoni pake,
ni udongo mmoja uliolowa.
Miaka thelathini na mmoja amezinasa dawa mbovu
kwa kukunja pembe ya ukurasa wa daftari,
akipita na kidole gizani hata umeme ukikatika.
Na mimi nimekuja na upinde wa mvua.

Basi nikarudi kwenye zile mistari sita, sasa kumi na moja.
Rangi sikuifuta, wapo wanaoihitaji,
ila kila dawa iliyopitwa nikaipa herufi nene
na pembetatu nyeusi kwenye kona ya kushoto,
pembe iliyokunjwa.
Rimgaudas akaigusa kwenye kioo.
Akaacha alama ya kidole, sikuifuta nayo.

Jumatatu alinipigia simu saa moja asubuhi.
Kompyuta ililala wazi tangu Jumamosi,
na mstari wa mia nne na kumi na mbili,
matone ya macho, chupa sitini,
siku yake ilikwisha usiku wa Jumapili
lakini ulikuwa bado mweupe kabisa, anasema,
mpaka alipokigusa kipanya.
Hapo ukageuka, mbele yake, kana kwamba umeshtuliwa.

Nikamweleza: jedwali halijichori lenyewe.
Saa sita ya usiku hupita, tarehe hufa,
na rangi ya jana hukaa palepale
hadi mtu aliguse, aliulize tena.
Nitaweka saa ya kuliamsha, nikamwambia, leo leo.

"Sawa," akasema,
na nikasikia magurudumu ya mkokoteni wake
yakielekea rafu ya matone.

Simu ilibaki mkononi mwangu.
Nikalitafuta jina linaloanza na J.