Ukoko

Basi la mwisho nimelirudisha karakana saa moja na robo,
mvua ya Matsue ikanisindikiza hadi mlangoni
kama mdai.
Kwetu husemwa, heri usahau chakula kuliko mwavuli.
Mwavuli ninao.

Kunihiko yupo palepale nilipomwacha asubuhi,
miguu chini ya meza yenye blanketi,
uso kwenye dirisha lisiloonyesha kitu.
Siku ya nne leo tangu ashuke kwenye treni na begi moja.
Duka la baba limefungwa, funguo zimekwenda benki,
naye amekuwa mtu wa "ndiyo", na "la", na "asante, dada".
Simuulizi. Naosha mchele.

Vikombe viwili. Maji ya kwanza ni maziwa, yamwage upesi,
ya pili yana ukungu,
ya tatu yananionyesha vidole vyangu,
vidole vilivyoshika usukani tangu alfajiri
na bado vimejikunja kuushika.
Mchuzi wa soya, vijiko viwili. Pombe ya mchele, kimoja,
na kimoja changu, nani ananiona.
Maji yafike mstari wa mbili, yasiupite.
Kisha paja la kuku, vipande,
karoti, uyoga niliouchanachana kwa mkono,
na mzizi wa gobo, ule mrefu wenye harufu ya udongo,
niliouchonga kama penseli:
unauzungusha, unachonga, unauzungusha.
Vyote juu ya mchele, na usikoroge.
Hapo ndipo wengi huharibu.
Ukikoroga, punje zitabaki na kiini.
Kila kitu kikae kilipoangukia;
mvuke unaijua njia.

Nikafunika. Nikaenda kuoga.

Nilikaa majini mpaka magoti yakawa mekundu,
nikimwaza yule mtoto wa miaka tisa
aliyekuwa akikwangua sufuria kabla hatujashukuru chakula,
ukoko wote wake,
na mimi, mkubwa wake, nikilia
kwa kunyimwa kitu kilichoungua.

Ndipo nikakisikia kile kiwimbo.
Sufuria yetu ya umeme huimba mara mbili,
wimbo mmoja ikianza kazi, mwingine ikimaliza.
Dakika arobaini nimelowa,
na huu ulikuwa ule wa kuanza.

Nikatoka na taulo kichwani.
"Ulisahau kubonyeza," akasema.
Maneno mawili.
Alikuwa amesimama jikoni, kidole bado kiko hewani
kama mtu aliyepiga kengele kwenye nyumba asiyoijua.
Nikacheka mpaka nikashika ukingo wa sinki.
Yeye hakucheka. Alitoa mabakuli mawili madogo,
akayarudisha,
akatoa makubwa.

Tukangoja. Ni kazi, kungoja wali na mtu aliyenyamaza.
Ilinukia soya, kisha msitu, kisha kuku;
chini yetu mzee Kuwabara akafungua dirisha lake, akalifunga, akalifungua tena.
Mchele ukawa wali
na hakuna aliyeuona ukivuka.

Saa tatu kasorobo, wimbo wa pili.
Nikasema, ngoja dakika kumi, upumue.
Hakungoja.

Alizamisha mwiko mpaka chini, akapindua,
na ulikuwapo,
wa kahawia, mgumu, uking'aa mafuta ya kuku.
Aliukwangua wote. Wote.
Akautia kwenye bakuli lake bila kunitazama,
akatafuna kwa kelele,
akarudi kuchungulia kama kuna uliobaki pembeni.

Mroho wewe, nikamwambia.
"Ndiyo, dada," akasema, mdomo umejaa.

Mimi nilikula wali laini. Bakuli moja tukampelekea mzee wa chini.
Duka halikutajwa.

Kesho zamu yangu inaanza saa kumi na moja alfajiri.
Nimeacha mchele umeoshwa, umelowekwa,
na karatasi juu ya kifuniko:
Bonyeza wewe.